Serikali ya kwanza ya Marekani ilikuwa na kasoro gani hasa? Mgeni wangu kanikamata njiani

Dereva_Njiro

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwongoza watalii, nakaa Njiro, na leo naomba msaada wa shule kidogo kwa sababu nimeaibishwa ndani ya gari langu mwenyewe.

Wiki iliyopita nilikuwa na wageni wanne kutoka Ohio, babu na bibi na wajukuu zao wawili. Tunapanda mlima kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, babu kakaa mbele na mimi. Ili kuchangamsha safari nikajigamba kwamba nawajua marais wao, nikaanza na George Washington. Babu akacheka mpaka akakohoa. Akasema kabla ya Washington walikuwa na serikali nyingine, ilikaa kama miaka minane ikafa, na wapo wanaodai rais wa kwanza ni mtu anaitwa John Hanson. Nikajua ananitania. Hata wajukuu zake walikuwa wanamtazama tu. Tulipofika geti la Loduare nikapata mtandao, nikatafuta. John Hanson yupo kweli.

Sasa hiyo serikali ya kwanza ilikuwaje, na ilikuwa na udhaifu gani mpaka wakaitupa? Na kama ilikuwa mbovu hivyo, walimshindaje Mwingereza? Tarehe 14 narudi nao Tarangire, sitaki kunyamaza tena. Nawasilisha.

Sanawari_Junior

Mkuu ungemuuliza yeye wa kwetu ni nani, mngetoka sare. Hiyo ndiyo dawa ya wazee wa kizungu wanaojua kila kitu.

Karani_Mstaafu

Dereva, pole kwa kukamatwa, lakini huyo babu kakupa nusu ya hadithi. Huku Kibosho manyunyu hayajakata tangu asubuhi na kahawa haichumwi ikiwa imelowa, kwa hiyo muda ninao. Kaa vizuri.

Nianze na Hanson. Hakuwa rais kwa maana unayoijua. Alikuwa mwenyekiti wa kikao cha Kongresi, yaani bunge la wajumbe wa majimbo, kuanzia Novemba 1781, kwa mwaka mmoja. Hana kura ya turufu, hana jeshi la kuamrisha, wala hakupigiwa kura na mwananchi yeyote. Sheria yenyewe ilikataza mtu kukalia kile kiti zaidi ya mwaka mmoja katika kila miaka mitatu. Kazi yake ilikuwa kuongoza mazungumzo na kutia saini barua. Kumwita rais wa kwanza ni kama kumwita mwenyekiti wa kamati ya harusi baba mkwe.

Serikali hiyo iliendeshwa kwa Mkataba wa Shirikisho. Kongresi iliupitisha Novemba 1777, vita vikiwa vimepamba moto, lakini haukuanza kazi mpaka tarehe 1 Machi 1781, kwa sababu ulitaka majimbo yote 13 yakubali na Maryland iligoma. Virginia ilikuwa inadai ardhi ya magharibi mpaka mto Mississippi, Maryland haina hata pori moja huko. Wakasema hatutii saini mpaka ardhi hiyo iwe ya wote. Na wakashinda, ujue. Hilo la ardhi litakuja kuwa na faida baadaye.

Sasa udhaifu. Kwenye vitabu vya shule utaukuta umepangwa kama nguo kabatini: hakuna kodi, hakuna rais, hakuna mahakama ya taifa, hakuna mamlaka juu ya biashara kati ya jimbo na jimbo, kila jimbo kura moja liwe kubwa au dogo, mambo mazito yanataka kura tisa, na kubadilisha mkataba kunataka wote kumi na watatu. Mwanafunzi anakariri, anapata A, anasahau. Mimi nasema ugonjwa ulikuwa mmoja, hayo mengine ni homa yake. Serikali ile iliishi kwa kuomba.

Nimekuwa mweka hazina wa kamati ya mfongo wetu miaka kumi na moja, kwa hiyo hili silisemi kwa kusoma tu. Kwa msiotoka mlimani, mfongo ni mfereji wa asili unaoyatoa maji mtoni na kuyateremsha kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Wa kwetu unahudumia koo saba. Mwaka mmoja tuliamua banio, kile kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mfereji unapoanzia, lijengwe kwa saruji badala ya mawe na matope yanayochukuliwa kila masika. Kila kaya ilete shilingi 15,000 na mtu mmoja mwenye jembe. Azimio lilipita kwa makofi, hakuna aliyenyanyua mkono kupinga. Nikanunua kaunta buku jipya, nikachora mistari kwa rula: jina, ahadi, alicholeta, bakaa.

Kufika Krismasi safu ya ahadi ilikuwa imejaa mpaka chini. Safu ya tatu ilikuwa na tiki nyekundu kumi na nne. Na waliolipa ni wa chini kabisa, wale wanaopata maji ya tope, tena kwa zamu ya usiku. Kaya iliyo juu kuliko zote, inayopakana na banio, haikuleta hata ndoo ya mchanga. Nilikwenda pale mara tatu. Mara ya tatu mzee mwenye nyumba alinikaribisha chai, akaninyooshea kikombe, akaniambia kwa upole kabisa, "Karani, mimi maji ninayo."

Nifanyeje? Zamani mtoro wa mfongo wazee walikwenda kwake wakatoka na mbuzi, au akapika mbege, pombe yetu ya ndizi, wakanywa yakaisha. Leo ukimgusa mbuzi wa mtu unalala kituoni. Mbaya zaidi, wale kumi na nne wakaanza kuniuliza: kama wa juu halipi, sisi tulilipa kwa ujinga gani?

Basi Kongresi ilikuwa mimi na kaunta buku langu. Oktoba 1781 waliyaandikia majimbo yalete dola milioni 8 kwa ajili ya mwaka uliofuata. Miaka miwili ikapita, zilizoingia hazikufika milioni 1.5. Hakuna wa kumkamata mtu, maana Kongresi haikuwa na uhusiano na mwananchi mmoja mmoja, ilizungumza na mabunge ya majimbo tu. Na kila jimbo linamtazama jirani kwanza. Pesa ya karatasi walikuwa wameshaichapisha sana wakati wa vita mpaka ikawa haina maana, kwa hiyo hata mlango huo ulikuwa umefungwa.

Wakatafuta dawa. Mwaka huohuo 1781 wakaomba ruhusa ya kutoza ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa zinazoingia bandarini kutoka nje. Karibu majimbo yote yakasema sawa. Rhode Island, kajimbo kadogo kuliko yote, kakakataa mwaka 1782, dawa ikafia hapo. Unajua kwa nini? Kana bandari, kanatoza ushuru wake kenyewe. Maji kanayo. Wakajaribu tena 1783, safari hii aliyekwamisha ni New York. Bandari nyingine! Ndiyo maana nasema ile kanuni ya kutaka wote kumi na watatu ilikuwa kufuli tu. Ugonjwa uko ndani na ufunguo anao mgonjwa mmoja asiyeumwa.

Homa zake sasa. Askari waliopigana vita hawakulipwa. Juni 1783 askari kama 400 walilizingira jengo la Kongresi kule Philadelphia wakiwa na bunduki. Kongresi haina askari wake wa kuilinda, ikamwomba mkuu wa serikali ya Pennsylvania atoe mgambo. Akakataa. Waheshimiwa wakafungasha wakakimbilia Princeton. Na huyo mkuu aliyekataa ni nani? John Dickinson, yuleyule aliyeandika rasimu ya kwanza ya mkataba mwaka 1776. Fundi kaogopa kulala kwenye nyumba aliyoichora mwenyewe.

Kutoka Princeton wakaenda Annapolis, halafu Trenton, halafu New York. Serikali ya nchi inazunguka kama mnada wa ng'ombe. Wakiwa Annapolis walitakiwa kuidhinisha mkataba wa amani na Mwingereza, uliotiwa saini Paris tarehe 3 Septemba 1783, hati ambayo ndiyo inaifanya nchi yao itambulike duniani. Ilihitaji majimbo tisa yawepo. Hawakutimia. Wajumbe wako majumbani, wengine hawajaja tangu mwaka uanze, na baridi ile. Akidi ilipatikana katikati ya Januari 1784, wakapitisha tarehe 14. Nimeendesha vikao vya mfongo ambapo tumekaa watu wanne kwenye benchi tunamsubiri wa tano mpaka giza. Lakini sisi hatukuwa tunasubiri uhuru.

Mwaka huohuo jeshi likapunguzwa likabaki askari 80. Themanini, sijakosea sifuri: 25 wa kulinda bohari ya Fort Pitt na 55 West Point. Nadhani hata walinzi wa maduka ya Double Road hapa Moshi wanazidi. Mwingereza akaona hivyo, akakaa kwenye ngome za Niagara na Detroit alizoahidi kuondoka. Akisema mbona hamjalipa madeni ya wafanyabiashara wetu? Na kweli hawakulipa, kwa sababu Kongresi iliahidi kwa niaba ya majimbo na majimbo yakafanya yanavyotaka. Mwaka 1785 maharamia wa Algiers wakakamata meli mbili za Kimarekani na mabaharia 21. Hakuna jeshi la majini, hakuna fedha ya kuwakomboa. Waliosalia hai waliachiliwa 1796, serikali ya kwanza imeshazikwa zamani.

Halafu ndiyo ikaja Massachusetts. Wakulima wa magharibi, wengi wao askari wastaafu ambao mishahara yao ya vita ililipwa kwa makaratasi, wanadaiwa kodi kwa sarafu za fedha. Wasipolipa, mahakama inauza ng'ombe na shamba. Kuanzia Agosti 1786 wakaanza kuzingira mahakama zisikae. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Daniel Shays, kapteni wa vita ileile. Kongresi ikapitisha jeshi liongezwe, ikaomba fedha, na tunajua wakiomba huwa inakuwaje. Mwishowe matajiri wa Boston walichanga mifukoni mwao kulipia mgambo wa jimbo. Tarehe 25 Januari 1787 watu wa Shays walilivamia ghala la silaha la Springfield, wakapigwa mizinga, wanne wakafa, wengine wakatawanyika kwenye theluji.

Nikiwa mtoto nakumbuka redio ya jirani ikiongelea askari wetu walioasi Dar es Salaam, Januari 1964, wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Nyerere ilibidi awaite Waingereza aliowaaga miaka miwili tu nyuma waje kuwanyang'anya silaha. Na walitua tarehe 25 Januari. Tarehe ileile ya Springfield! Haina maana yoyote, ila karani hupenda tarehe zikifanana.

Swali lako la vita amjibu mwingine, vidole vimechoka.

Mwalimu_Pasua

Shikamoo mzee wangu Karani. Umenifurahisha, na kesho nitaliiba hilo la "maji ninayo" nikalitumie darasani. Lakini nina mawili matatu ya kukupinga kwa heshima.

La kwanza, Dickinson umemwonea. Rasimu yake ya 1776 iliipa Kongresi nguvu zaidi ya hizo. Wenzake ndio waliikata kata mwaka mzima, wakaweka kifungu kwamba kila jimbo linabaki na mamlaka yake kamili. Kwa hiyo fundi alichora nyumba yenye paa, wakalitoa paa. Kuhusu mgambo, alihofia pia kwamba mgambo wenyewe wangeungana na waasi. Wale askari walikuwa wanadai haki yao, na kila mtu mjini alijua.

La pili, ule udhaifu hawakuukosea, waliukusudia. Watu walikuwa wametoka kupigana na mfalme aliyewatoza kodi kutoka ng'ambo ya bahari. Wampe nani tena mkoba wa kodi? Mwaka 1777 ungesimama kwenye kikao ukasema "tuwe na mtu mmoja mwenye jeshi na uwezo wa kutoza," ungetoka kwa dirisha.

La tatu ndilo la mgeni wako, Dereva. Ohio! Mwambie jimbo lao ni mtoto wa serikali hiyohiyo anayoicheka. Ile ardhi Maryland iliyoidai, Virginia na wenzake waliikabidhi kwa Kongresi. Mwaka 1785 wakapitisha sheria ya kuipima: miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba viwanja 36, na kiwanja namba 16 ni cha shule. Ukiruka na ndege juu ya Ohio leo mistari hiyo bado ipo. Mwaka 1787 wakapitisha sheria nyingine kwamba maeneo hayo yatakapojaa watu yatakuwa majimbo sawa na yale ya zamani, siyo makoloni, na utumwa umepigwa marufuku kaskazini ya mto Ohio. Wakati huohuo sheria hiyo iliruhusu mtumwa aliyetoroka akifika huko arudishwe kwa bwana wake, kwa hiyo usimsifie sana. Na wenyeji waliokuwa wakiishi kwenye hiyo miraba hakuna aliyewauliza.

Na kuhusu vita: kumbuka mkataba ulianza kazi Machi 1781, na Yorktown, pale jeshi la Mwingereza liliposalimu amri, ilikuwa Oktoba 1781. Sehemu kubwa ya vita ilipiganwa hata kabla mkataba haujawa sheria. Walishinda kwa fedha za mikopo, kwa makaratasi waliyochapisha, na kwa Ufaransa. Pale Yorktown bila meli za kivita za Wafaransa, jeshi la Mwingereza lingepanda merikebu likaondoka. Adui akiwa mlangoni watu wanachanga. Akiondoka kila mtu anakumbuka ada ya watoto.

Sasa mzee, ugonjwa mmoja sikubali. Massachusetts haikuwa dhaifu. Ilikuwa na uwezo wa kutoza kodi, na ilitoza hasa, mpaka mkulima akauziwa ng'ombe. Shays hakuasi dhidi ya Kongresi isiyo na meno. Aliasi dhidi ya jimbo lenye meno. Hapo unasemaje?

Karani_Mstaafu

Marahaba mwalimu. La Dickinson nimelipokea, nilimhukumu bila kumsikiliza.

La Massachusetts umenibana, na nimelizunguka tangu nilipolisoma asubuhi nikiwa naanika kahawa. Ni kweli meno yalikuwepo. Lakini jiulize kodi ile ilikuwa ya nini. Sehemu kubwa ilikuwa ya kulipa madeni ya vita, na hati za madeni hayo wakati huo walishazinunua walanguzi wa mjini kwa bei ya kutupa kutoka kwa askari wenyewe. Kumi na tatu walikopa pamoja, kisha kila mmoja akaachwa alipe kivyake. Jimbo lenye bandari linatoza meli, lisilo na meli linamtoza mkulima. New Jersey wakawa wanalipa ushuru wa bidhaa zinazopita New York upande mmoja na Philadelphia upande mwingine, wao wenyewe hawapati kitu. Ukiniuliza tena nitakubali kwamba kuna magonjwa mawili, hayo ya kuomba na ya kubeba mzigo bila uwiano. Matatu sikubali.

Mpare_wa_Same

Wazee mnajua mambo, lakini hayo ya Marekani ya karne ya kumi na nane yanatuhusu nini sisi? Mjadili bei ya tangawizi.

Karani_Mstaafu

Mwanangu Mpare, tangawizi ni yenu, msituletee lawama.

Yanatuhusu kwa sababu makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha mjini, unapita pale nje na daladala. Hii ni Jumuiya ya pili. Ya kwanza ilianzishwa kwa mkataba wa Kampala, Juni 1967, ikaanza kazi Desemba mwaka huo, makao makuu hapohapo Arusha. Reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Ilikuwa na vitu ambavyo Kongresi ya Hanson ilikuwa inaviota. Juu kabisa palikuwa na mamlaka ya marais watatu, na lazima wakubaliane. Januari 1971 Amin akapindua, Nyerere akasema sitakaa naye meza moja. Hawakukaa tena watatu hao. Miaka sita, kiti cha juu kabisa hakikufanya kikao.

Mimi nilikuwa kijana, karani kwenye shirika moja lililokuwa chini ya Jumuiya hiyo, sitalitaja. Nilichokuwa naona kwa macho yangu ni mafaili. Faili la fedha zinazotakiwa kwenda nchi nyingine lina karatasi ya juu imeandikwa "subiri maelekezo." Mwezi unaofuata karatasi nyingine juu yake, "subiri maelekezo." Likanenepa lile faili mpaka kamba ikakatika, nikalifunga na uzi wa katani. Mkubwa wangu hakuwa mwizi wala mvivu. Aliogopa tu kuwa wa kwanza kupeleka kabla wa upande wa pili hajapeleka. Hapo ndipo baadaye niliposoma habari za majimbo 13 nikacheka peke yangu, mke wangu akaja kuangalia kuna nini.

Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa. Shangazi yangu aliolewa Taveta. Kutoka Holili kwenda Taveta ni mwendo wa mtu kutembea na kikapu kichwani. Mpaka ulifunguliwa 1983. Katikati hapo shangazi alizaa mara mbili na baba yangu hakuwaona hao watoto mpaka wakubwa wanakimbia. Mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya ulikuja kutiwa saini Arusha Mei 1984. Jumuiya mpya mkataba wake umesainiwa hapohapo Novemba 1999, nao marais wanaamua kwa kukubaliana wote, na fedha ni michango ya nchi wanachama, na ukisoma magazeti utakuta mara kwa mara nani hajaleta. Sisemi zaidi, mimi ni mstaafu.

Dereva_Njiro

Wakuu, nimejaa. Nimeandika yote kwenye daftari la gari. Mwalimu hilo la Ohio ndilo nitakaloanzia, nitamuuliza babu kiwanja namba 16 kilikuwa cha nini, nione.

Bado mawili. Walitokaje kwenye kufuli la watu wote kumi na watatu kukubali, kama Rhode Island yupo? Na mzee Karani, banio lilijengwa au la?

Mwalimu_Pasua

La kwanza nijibu mimi. Hawakulifungua kufuli, waliruka ukuta. Septemba 1786 wajumbe 12 kutoka majimbo matano walikutana Annapolis kuzungumzia biashara, wakaona hawatoshi, wakaitisha mkutano mkubwa zaidi Philadelphia. Kongresi ikaubariki kwa sharti moja: warekebishe mkataba uliopo, basi. Wakaanza Mei 1787, wakafunga milango na madirisha katika joto la kiangazi, na wakaandika katiba mpya kabisa. Rhode Island haikupeleka mjumbe. Tarehe 17 Septemba wajumbe 39 walitia saini, na ndani yake waliandika kwamba yakikubali majimbo tisa inatosha kuanza kati yao. Kwa sheria ya wakati ule hiyo haikuwa halali, mkataba ulitaka wote. Lakini walijua wa kumpelekea kesi hayupo, maana mahakama ya taifa haikuwepo! Washington akaapishwa Aprili 1789. Rhode Island ikaingia tarehe 29 Mei 1790, baada ya kutishwa kwamba bidhaa zake zitatozwa kama za nchi ya kigeni.

Karani_Mstaafu

Dereva, la banio. Kwa miaka minne halikujengwa. Fedha za wale kumi na nne nilizirudisha, mmoja mmoja, na kila mmoja alitia saini. Masika ya mwaka juzi mto ulifurika usiku, ukaondoka na banio lote, na maji yakachepuka yakapita katikati ya zizi la yule mzee wa juu. Aliokoa ng'ombe, alipoteza mbuzi wawili na mahindi ya gunia zima.

Asubuhi alikuja kwangu kabla sijanywa chai. Alikuwa na kijana wake na toroli, juu yake mifuko mitatu ya saruji. Nikalitafuta kaunta buku nikalikuta chini ya mahindi ya mbegu, panya wamekula pembe. Nikamtilia tiki. Akasimama pale anaangalia, akaniambia, "Iandike na tarehe."